Sentensi Arobaini za Mama

Jumatatu, 3 Juni

Somo la saba limeanza leo. Sokoni. Sentensi arobaini, kila moja mara tatu, yaani Mama atafungua mdomo mara mia moja na ishirini ndani ya stoo isiyo na dirisha. Ni ile stoo ya karatasi ya ofisi ya mradi, juu ya duka la rangi. Wamegongelea magodoro ukutani ili sauti isirudi. Feni marufuku. Fundi wa sauti anakaa nje ya mlango na vidude vyake masikioni. Tunamwita Bwana Kimya kwa sababu neno jingine halijui. Tukitoka mle tumelowa chapachapa, na harufu ya rangi imetuganda kooni.

Kazi yenyewe ni hivi. Mimi nasoma sentensi kwa Kiswahili. Mama anaisema kwa lugha ya kwao. Mimi naweka tiki kwenye jedwali, kuthibitisha kwamba alichosema ndicho kilichotakiwa. Ikishapata tiki inaingia kwenye programu ya simu, na mtu popote alipo anabonyeza, anamsikia Mama, anamwigiza, anapewa nyota. Mthibitishaji wa Lugha—ndicho cheo changu. Kimeandikwa kwenye kadi ninayoning'iniza shingoni.

"Lugha ya kwao." Hebu ona nilivyoandika. Haya, daftari hili halina msomaji, niseme ukweli walau humu: lugha yenyewe siijui. Najua salamu. Najua vyombo vya jikoni, viungo vya mwili, na amri zote anazopewa mtoto—kaa, lete, acha, nyamaza. Masomo sita ya kwanza yalikuwa ya hayohayo, nikapita. Kwenye fomu ya kuombea kazi waliuliza kiwango, na jibu mojawapo lilikuwa "kama mzawa". Nikalichagua. Kwani mimi si mzawa? Nimezaliwa na yeye.

Mama kaanza vizuri. Miaka sabini na minane na sauti haitetemeki. "Haya, mwalimu," ananiambia, "soma nikusikie." Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka ishirini na saba, sina neno na kuitwa mwalimu. Lakini yeye akiniita hivyo najua ananichokoza.

Tumefika ya tisa, joto likatushinda.

Alhamisi, 6 Juni

Mama kageuka msemaji. Sentensi ya Kiswahili ina maneno matatu, yake yanafika ishirini. "Nyanya hizi bei gani?"—akaenda, akaenda, akavuta pumzi, akaenda tena. Nikamuuliza, ndefu hivyo? Akasema kwao mtu mwenye adabu hakurukii na bei, anaanza na habari za nyumbani. Nikaona ina maana. Mara ya pili akaisema vilevile, mara ya tatu vilevile, haikupungua wala kuongezeka. Tiki, tiki, tiki.

Mtu anayebabaisha hawezi kurudia kitu kirefu vile mara tatu bila kuteleza. Nilijiambia hivyo mle ndani na nimeendelea kujiambia mpaka nyumbani.

Jumanne, 11 Juni

Tumemaliza la saba. Sijisikii kama mtu aliyemaliza kitu.

Kuanzia ya ishirini hivi Mama alikuwa haangalii tena midomo yangu, ananikazia macho tu. Tumekaa goti kwa goti, stoo haina nafasi ya kukaa vingine. Ya thelathini na kitu akajifuta uso kwa mtandio. Jasho, nikasema. Ya mwisho ilikuwa "Asante, nitarudi kesho", akaisema taratibu sana, mara tatu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili: umesikia? Nikamwambia nimesikia Mama, iko safi, nikamgeuzia jedwali aione tiki. Akaitazama muda mrefu. Kwenye ngazi nikampa mkono, akaukataa, akashikilia ukuta.

Sisi tunaongea Kiswahili, mimi na Mama. Ilianza zamani. Nilikuwa na miaka sita niliposafirishwa mjini kwa shangazi, upande wa baba, nikasome. Ninachokumbuka ni gari, na mgongo wa Mama unaondoka. Hakungoja hata liwashwe. Huko kwa shangazi ilikuwa Kiswahili asubuhi mpaka usiku, na ukiteleza unachekwa na binamu. Nikarudi likizo nina miaka tisa, nikasimama katikati ya uwanja, nikasalimia kwa lugha ya nyumbani—maneno yakatoka yamepinda. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wajomba, majirani, mpaka watoto wa majirani. Mama alicheka kuliko wote. Alishika mbavu.

Nikasema moyoni: hamtanisikia tena. Nikawajibu kwa Kiswahili siku ile, na ni Kiswahili mpaka leo, mwaka wa arobaini na tano huu. Watu wananuna wiki mbili, mimi nimenuna umri wa mtu mzima.

Jumamosi, 15 Juni

Binti yangu kapiga simu kutoka kwenye duka lake la dawa. Ni mfamasia, yuko mji mwingine, anaongea na mimi huku anahesabu vidonge. Anauliza programu itatoka lini, anataka kujifunza, anaona aibu kumsalimia bibi yake kama mgeni. Halafu akauliza lile swali lake: kwa nini hukunifundisha?

Nikasema muda haukuwepo. Akasema sawa Mama, kwa ile sauti ya mtu anayekupa chenji huku anajua noti yako ni ya bandia.

Jumatatu, 5 Agosti

Uzinduzi. Ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe ili visijulikane. Wafadhili mstari wa mbele. Mama naye mstari wa mbele, na mtandio mpya.

Mratibu wa mradi kahutubia nusu saa. Anasema lugha iliyokuwa inakata roho leo imevuta pumzi, na teknolojia ndiyo oksijeni yake. Mama akaniinamia, akauliza mgonjwa ni nani. Kisha Mratibu akainua simu, akabonyeza somo la saba, "Nyanya hizi bei gani?" Sauti ya Mama ikatoka kwenye spika nne, kubwa, mpaka mle kwenye plastiki ya kiti unaisikia. Mratibu akairudia yote. Ndefu, lakini kafanya mazoezi. Simu ikatoa mlio, nyota tatu. Ukumbi ukapiga makofi, wafadhili wakasimama.

Mama alikuwa kajifunika mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nikadhani ni furaha. Nikamshika mkono mbele ya wapiga picha.

Jumapili, 11 Agosti

Binti kapiga, hakunitaka mimi. Nipe bibi. Nikampa.

Wakaanza. Kwa ile lugha. Wiki moja tu ya programu—moja! Anakwama, anarudi nyuma, anakosea, nasikia kabisa kwamba anakosea, na Mama anacheka kicheko kilekile cha uwanjani. Nikajikunyata. Lakini upande wa pili binti naye anacheka, halafu anajaribu tena. Dakika arobaini. Mimi niko kwenye sinki nasugua sufuria moja iliyokwisha kutakata zamani.

Naona wivu. Nimeandika. Namwonea wivu mwanangu, nani angeamini.

Simu iliporudi kwangu binti akasema somo la saba halimkai. Maandishi yanasema nyanya, sauti haisemi nyanya. Neno nyanya ameshajifunza somo la nne, jikoni, analijua. Nikamwambia mambo ya lahaja hayo, wazee wana maneno yao. Akasema nitasikiliza tena.

Jumatano, 14 Agosti

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Mradi una mhakiki, sikuwahi kuambiwa. Ni dereva mstaafu wa malori, anaishi mbali, lugha anayo tangu utotoni. Wanamtumia sauti, anasikiliza, anajaza fomu. Ripoti ya somo la saba imefika leo. Mratibu akaniita, akafunga mlango, akaniwekea karatasi mezani.

Sentensi ya kwanza mpaka ya tisa: sahihi. Ya kumi mpaka ya arobaini: si sahihi. Kwenye safu ya maelezo kaandika kwa mkono, herufi za mtu aliyezoea kujaza kitabu cha safari: ya kifamilia. Chini yake tena, ya kifamilia. Ya kifamilia. Nimezihesabu, thelathini. Moja tu ndiyo kaiandika yote, kwa kuwa fomu inadai mfano. Mratibu akaisoma kwa sauti ya hotuba.

Namba kumi na mbili. Inayotakiwa: Nyanya hizi bei gani? Inayosikika: Gari lilipoondoka nilirudi nikalikimbilia mpaka kiatu kikakatika, mwanangu hakugeuka kutazama nyuma, nikasema basi, amenisahau kabla hata ya kona.

Ndiyo ile ya uzinduzi. Ile aliyoitamka yeye mwenyewe akapata nyota tatu. Watu mia nne na kitu wameshaitamka, programu inahesabu.

Mratibu akaniuliza, na tiki hizi? Zako si ndizo? Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: Mama amezeeka. Siku hizi anachanganya. Mimi nilikuwa naangalia zaidi ubora wa sauti.

Nimemuuza mama yangu ndani ya pumzi moja, na hata sikukohoa.

Mratibu akalainika palepale. Akasema pole, uzee hauna dawa. Jumatano ijayo wafadhili wanakuja kukagua, kwa hiyo mpaka Jumanne somo la saba liwe limerekodiwa upya. Mama akishindwa, hakuna shida, wana saa kumi na moja za sauti yake kutoka masomo mengine, yale mhakiki aliyoyapitisha. Zinatosha kompyuta kuiga sauti ile na kumsemesha chochote. Atasema nyanya na hata hayupo chumbani. Kinachotakiwa ni karatasi tu, ndugu wa karibu asaini kwamba mhusika hana tena uwezo wa akili kutoa idhini mwenyewe. Kanipa karatasi. Iko kwenye mkoba.

Nakumbuka mgongo wake. Kiatu sikukiona.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimemkuta barazani anashona shuka lililochanika. Nikamuuliza, Mama, umenifanyia nini?

Hakushtuka. Aliuliza tu nani kaniambia. Nikasema dereva mmoja mstaafu. Akavuta uzi. "Kwa hiyo kasikia mtu wa malori," akasema. "Na wewe magoti yetu yalikuwa yanagusana."

Nikawa mkali. Nikasema kama una la kuniambia si uniambie, mdomo unao, mimi nalala chumba cha pili. Kwa nini ndani ya mashine ya watu? Akasema Kiswahili chake ni cha kununua na kuuza, na cha daktari. Hayo mengine hana Kiswahili chake, akiyasema kwa Kiswahili yanakuwa ya mtu mwingine. Nikamwambia umekuwa na miaka arobaini na tano ya kunitafutia maneno. Akasema na wewe ulikuwa na mingapi?

Halafu akaeleza, bila kuinua macho kwenye sindano. Ya kumi alisema upuuzi tu, mbuzi wa jirani kaolewa, anione kama nitashtuka. Nikaweka tiki. Ya kumi na moja akanitukana kidogo. Tiki. "Nikaona kumbe hayupo. Basi nikasema, kama hayupo, nimwambie yote."

Nikauliza yote ndiyo nini. Akasema nimeshasema. Mara tatu kila moja. Wewe mwenyewe umethibitisha.

Sikumwambia habari ya karatasi. Sikuweza.

Ijumaa, 16 Agosti

Bwana Kimya kaniwekea sauti zote kwenye flashi. Hakuuliza. Alisema tu yeye anajua sauti ya mtu anayeuliza bei na ya mtu asiyeuliza bei, lakini tiki haikuwa kazi yake. Kumbe anaongea.

Nikampigia mhakiki. Namba nimeitoa kwenye fomu. Mzee ana adabu, akanisalimia, akauliza habari za Mama kana kwamba wanafahamiana. Nikamwomba anitafsirie zile thelathini. Akakataa. Kwa upole, lakini kakataa kabisa. Anasema yeye ni mtu baki, mambo ya mama kwa mwanawe hayapitii kwa mtu baki, hata ile moja aliiandika kwa kulazimishwa na fomu na usingizi haukumjia siku ile. Nikamwambia mzee wangu, sina mwingine. Akasema unaye, yuko nyumbani kwako.

Nilikata simu bila kuaga. Baadaye nikamtumia ujumbe wa samahani. Hajajibu.

Jumapili, 18 Agosti

Nimezisikiliza zote, kutwa nzima, chumbani, mlango nimefunga. Naokota neno mojamoja kama mtu anayeokota punje gizani. Mtoto. Maji. Mguu. Kaa. Mtoto tena. Ya ishirini na saba kuna "nyamaza", hilo nalijua, lakini sijui nani anamwambia nani. Kilichobaki ni sauti ya Mama inapanda na kushuka, na mimi nimekaa kama jiwe.

Nikafungua programu. Ndiyo, mimi. Mthibitishaji. Nikaanza somo la kwanza. Mama kwenye simu ananisalimia, namjibu, simu inaniambia jaribu tena. Mara sita jaribu tena. Watu wameipata hiyo kwa mara moja, wengine hawajawahi hata kumwona Mama kwa macho. Nikaitupa simu kitandani.

Mchana nikampigia binti. Nilijua ameshaelewa, tangu wiki iliyopita alikuwa ananikwepa. Akasema anaelewa kama nusu. Nikamwambia nipe hiyo nusu. Akasema: "Mama, usinikasirikie. Bibi kanikataza. Amesema nikikupa mimi utaipokea kwa Kiswahili na utaridhika."

Nikamwambia wewe ni mwanangu au wa nani. Akasema wenu nyote wawili, ndiyo maana sisemi. Akaanza kulia. Nami nikalia, lakini kwa hasira, na nikamwambia arudi kwenye vidonge vyake. Sivyo nilivyotaka kumaliza.

Miaka yote hii nilijihesabu kuwa mimi ndiye niliyeachwa. Sasa wako huko ng'ambo wawili, wanacheka, na mimi niko huku na jedwali.

Jumatatu, 19 Agosti

Asubuhi nimemwambia Mratibu ukweli. Nimesimama, kukaa nimekataa. Mama hana tatizo la akili. Mwenye tatizo ni mimi, lugha siijui, nimetia tiki mambo nisiyoyaelewa, na fomu ya kazi nilidanganya.

Unadhani alikasirika? Alikwenda kuchungulia mlangoni kama kuna mtu, akarudi, akaniomba niteremshe sauti. Akasema hayo hayana haja ya kutoka humu ndani. Ripoti zote zimeandikwa "imethibitishwa na mzungumzaji mzawa", ikijulikana vinginevyo mradi mzima unaanguka, masomo kumi na mbili. Kwa hiyo bora ibaki ilivyokuwa: bibi kachanganyikiwa. Inaeleweka, haimuumizi mtu. Saini tu.

Haimuumizi mtu. Nikamtazama ana tai nzuri sana.

Nyumbani nikamwonyesha Mama karatasi. Anasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Alipofika kwenye "hana uwezo wa akili" kidole kikasimama. Akauliza nani kawaambia. Nikasema mimi. Akauliza lini. Nikasema Jumatano, nilipobanwa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliikunja karatasi mara nne, akanirudishia, akasema jioni hana njaa. Nimemsikia chumbani kwake anaongea peke yake, kwa lugha yake, maneno mengi. Nilisimama nje ya mlango nikasikiliza yote. Nimepata "mtoto" na "kesho".

Kisha akafungua mlango akanikuta pale pale. Akasema kesho twende huko kwenye magodoro.

Jumanne, 20 Agosti

Naandika nyuma ya karatasi ya sentensi, nitainakili baadaye. Mama ameteremka chini kwa watu wa rangi, kujisaidia. Ngazi kwake ni safari, nina dakika kidogo.

Mpango wa Mratibu ulikuwa huu: mhakiki awe kwenye simu, asikilize kila sentensi, aseme ndiyo, mimi niweke tiki kwa ajili ya fomu. Tumekaa, goti kwa goti, simu katikati. Mama akamsalimia mhakiki kwa lugha yao, wakaongea kidogo, vizuri tu, kisha akabonyeza mwenyewe akaikata. Bwana Kimya akaingiza kichwa. Mama akamwambia kwa Kiswahili, mwanangu, wewe rekodi, huyu hapa ndiye mthibitishaji, imeandikwa kwenye kadi yake.

Mlango ukafungwa. Nikaanza na ile ya uzinduzi: Nyanya hizi bei gani?

Mama akasema. Si ile ndefu. Hii ni fupi, maneno manne, matano. Inaweza kuwa nyanya. Inaweza kuwa mbuzi wa jirani. Inaweza kuwa tusi na ningelistahili. Akasema mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha akaweka mikono mapajani akaningoja.

Kalamu ilikuwa mkononi. Taa nyekundu inawaka. Kwenye mkoba kuna ile karatasi iliyokunjwa mara nne, na kesho asubuhi wafadhili wako hapa. Tiki moja, halafu nyingine thelathini, halafu nyumbani. Mama angeniacha, najua. Angeniacha niweke zote.

Nikasema: Mama, sijaelewa.

Akauliza, hujaelewa nini. Nikasema yote. Ya leo sijaelewa, na za mwezi wa sita sijaelewa, na nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nimeshaacha kuelewa ndiyo maana maneno yalipinda, na wewe ukacheka. Nilisema yote hayo kwa Kiswahili, mbele ya mashine. Yamo mle, Bwana Kimya anayo.

Mama akafumba macho. Nikadhani amechoka. Kisha akasema: hilo la kwanza. Liseme kwa maneno yangu.

Nikasema silijui. Miaka hamsini na minne, na kusema "sijaelewa" kwa lugha ya mama yangu sijui. Sikuwahi kulihitaji, nilikuwa naitikia tu.

Akalisema. Maneno matatu. Nikalirudia. Mdomo wake ukaanza kwenda, nikakiona kicheko kile kinakuja kutoka mbali, kile cha uwanjani, nikakaza tumbo. Akaziba mdomo kwa kiganja. Macho yamejaa, sijui ni kucheka au ni nini. Akateremsha mkono. Akasema: tena.

Nikasema tena. Tena, akasema. Safari ya tatu akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniambia hii mtu anaweza kuielewa kama ana moyo mzuri. Kisha akasema ngoja niteremke kwanza, kibofu hakina subira, nikirudi naanza ile ya gari, na wewe kila unapopotea unisimamishe kwa hilohilo. Si kwa Kiswahili. Ukinisimamisha kwa Kiswahili sitasimama.

Nimeuliza, na nyanya za Mratibu? Alikuwa ameshafika mlangoni.

Nimebaki hapa nalikariri. Neno la kwanza lipo. La mwisho lipo. Nasikia ndara zake zinapanda, anapumzika kila ngazi ya tatu, anamwambia Bwana Kimya asimshike. La katikati limeshaniponyoka.